Libasi ya Haki: Hanang'weend na Miaka 40 ya Hukumu ya Mulbadaw

Siku ya mnada katika mji wa Katesh, kabla jua halijapanda likakaa juu ya bega la Mlima Hanang, uwanja hujaa watu na wanyama kiasi cha kwamba mgeni hajui atazame wapi: ng'ombe na mbuzi, marobota ya mitumba yaliyofunguliwa juu ya maturubai, mashuka mekundu na ya samawi, vitenge vya kila rangi, na vijana wa suruali za jinzi wenye fimbo mikononi. Walakin katikati ya halaiki hiyo hupita mara kwa mara mwanamke ambaye libasi yake haikutoka katika robota lolote wala katika duka lolote, bali ilikatwa, ikalainishwa na kushonwa nyumbani kwa ngozi. Nayo humwangukia kutoka kiunoni hadi karibu na vifundo vya miguu kwa mikunjo na nyuzi nyingi za ngozi, ikitoa mchakacho mdogo kila apigapo hatua, na watu humpisha njia bila ya kuambiwa. Vazi hilo Wabarabaig, wafugaji wa nchi hii ya Hanang, huliita hanang'weend.

Ninaandika habari za vazi hilo mwaka huu wa 2025 kwa sababu umetimia mwaka wa 40 tangu Mahakama ya Rufani ya Tanzania itoe hukumu katika shauri baina ya NAFCO, shirika la umma la mashamba, na Halmashauri ya Kijiji cha Mulbadaw, hukumu ambayo wanafunzi wa sheria huisoma vyuoni hata leo, ilhali wengi wa wale waliokuwa wadai wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Msomaji ataniuliza, shauri la mashamba ya ngano lina nasaba gani na sketi ya ngozi? Ninamwomba subira, kwani jibu lake ndilo makala yenyewe.

Maelezo yangu nimeyategemeza juu ya nguzo mbili. Ya kwanza ni bibi mmoja wa upande wa Balangdalalu, ambaye alinipokea nyumbani kwake kwa ukarimu na ambaye kwa kumstahi sitamtaja jina. Ya pili ni maandishi ya George Klima, mtaalamu Mmarekani aliyeishi na Wabarabaig katika miaka ya 1950, akaandika mwaka 1964 juu ya haki za mume na mke baina yao, kisha akatoa kitabu kizima juu yao mwaka 1970. Bibi hajapata kukisoma kitabu hicho, na Klima hakupata kumwona bibi. Lakini katika jambo lililo kubwa kuliko yote, yaani kwamba vazi hili si pambo bali ni hadhi iliyovaliwa mwilini, maneno yao yameoana.

Bibi alilitoa chumba cha ndani likiwa limefungwa katika kanga iliyochujuka rangi, akalikunjua taratibu juu ya mapaja yake kama mtu afunguaye hirizi ya baba yake. Harufu ya samli ilinipata kwanza, kisha ya moshi. Ngozi ilikuwa laini kama sikio la ndama, na rangi yake, ambayo zamani labda ilikuwa ya udongo, ilikuwa imekuwa nyeusi ya kung'aa kwa mafuta ya miaka mingi. Palikuwa na safu za shanga zilizoshonwa kwa mkono ambao haukuwa na haraka, na mahali pamoja, upande wa kushoto, nyuzi za ngozi zilikuwa zimekatika zikaungwa kwa uzi wa nailoni mweupe. Bibi alipoona nimepatazama hapo alipafunika kwa kiganja chake, kama mtu aonaye haya kwa kiraka. Nilipotaka kulipima urefu kwa kulishika ncha ya chini alinizuia kwa upole, akasema kwamba mwanamume hashiki hapo. Nikaomba radhi, naye akaipokea.

Mwanamwali halivai vazi hili. Hulivaa mwanamke akishaolewa, na tangu siku hiyo huwa amevaa si ngozi tu, bali dhamana. Imani ya Wabarabaig ni kwamba asili yake ni hidaya kutoka kwa Udameselgwa, roho mkuu wa kike, ambaye ndiye mlinzi wa uzazi na wa wanawake. Kwa hiyo mwenye kulivunjia heshima hakumkosea mwenye kulivaa peke yake, amemkosea na yule aliyelitoa, na pamoja naye amewakosea wanawake wote walio chini ya kivuli chake. Kwa kauli hiyo ya mwisho tunaingia katika habari ambayo bibi aliirudia mara tatu, na ambayo Klima naye aliipa nafasi kubwa, na mimi sioni haya kuwafuata.

Wabarabaig wana baraza la wanawake, girgwageda gademga, ambalo halikuletwa na serikali yoyote wala na shirika lolote la misaada. Wanaume wana baraza lao, ambalo huamua mambo ya malisho, visima na damu. Lakini mwanamume akimtendea mwanamke jambo ambalo wanawake huliona kuwa ni dhuluma kwa jinsi yao, kesi hiyo haiendi kwa wanaume. Habari hupita kutoka boma hadi boma, wanawake huacha vibuyu vya maziwa na mawe ya kusagia, hukusanyika mahali pa wazi chini ya mti, wazee wao wakiwa mbele, na shauri husikilizwa kwa utaratibu: mwenye kudai husema, mashahidi husema, mwenye kupinga husema, na mwisho wazee wa kike hutamka. Adhabu iliyozoeleka ni fahali, aghalabu fahali mweusi, naye hutolewa na mkosaji mwenyewe katika zizi lake. Akikataa kutoa, wanawake wanayo silaha ambayo hakuna mwanamume wa Hanang aliyeifanyia dharau kwa moyo mkavu, nayo ni laana ya pamoja, itamkwayo na wale ambao ndio mlango wa kila mtu kuingia duniani.

Mtu akisoma habari hizi akiwa mjini, hususan kama amezoea kuambiwa kwamba mwanamke wa mfugaji ni mtumwa wa mumewe tangu kuumbwa kwa milima, hana budi kusita. Klima alisita. Alikuta kwamba mwanamke wa Kibarabaig huja kwa mume na ng'ombe aliopewa na babaye na jamaa zake, na kwamba mume, pamoja na ukubwa wake wote nyumbani, hana ruhusa ya kuwauza au kuwagawa ng'ombe hao bila ya ridhaa ya mke. Alikuta kwamba mume ampigaye mkewe pasipo sababu ya kukubalika, au aingiliaye mambo ya uzazi ambayo ni miliki ya wanawake, hutiwa faini na wanawake wenyewe, na baraza la wanaume halitengui hukumu yao. Sisemi kwamba nchi ya Hanang ilikuwa pepo ya wanawake. Bibi mwenyewe hakusema hivyo, na alipolitaja jina la marehemu mumewe alinyamaza kitambo kabla ya kuendelea. Ninalosema ni kwamba palikuwa na sheria, palikuwa na mahakama, na palikuwa na libasi rasmi ya mahakama hiyo, kama jaji alivyo na joho lake. Nayo ilikuwa hanang'weend. Wanawake walipokwenda kwenye baraza walikwenda nayo mwilini, kwani ndiyo iliyowapa kisimamo.

Zama za kikoloni nitazipitia mbio, maana habari zake zinajulikana. Wajerumani waliingia nchi hii kwa bunduki na wakawanyonga baadhi ya viongozi wa Wabarabaig kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza waliofuata walitoza ng'ombe kwa faini za pamoja kila lilipotokea kosa la mtu mmoja. Na jina la Mang'ati, ambalo ni neno la Kimasai lenye maana ya adui, likaandikwa katika ramani na katika vitabu vya serikali hadi likawa kama ndilo jina la kuzaliwa. Kwa jirani zao Wairaqw wa Mbulu jambo moja ni la kukumbukwa: walikuwa na unyago wa wasichana uitwao marmo, na katika unyago huo, ndani ya muda mrefu wa kukaa ndani, wasichana walijishonea sketi za ngozi zilizodariziwa shanga kwa ustadi ambao hata leo huwaduwaza wanaoziona katika majumba ya makumbusho ya ng'ambo. Marmo ilipigwa marufuku karibu na mwaka 1930. Zile sketi zikakosa mahali pa kushonewa, na kilichokosa mahali pa kushonewa hakichelewi kukosa mshonaji. Leo mjukuu wa Mbulu atakaye kuona kazi hiyo ya mikono ya bibi yake sharti apande ndege.

Katika pwani mambo yalikwenda kwa njia nyingine, nayo yafaa kutajwa ili tuone kwamba vazi na haki ni ndugu wa tumbo moja. Unguja, kabla ya amri ya kufuta utumwa ya Aprili 1897, mjakazi alijulikana kwa kaniki yake na kwa marekani yake. Baada ya amri hiyo, waliokuwa wajakazi walizivua nguo hizo moja baada ya nyingine, wakajitanda kanga za rangi na maneno, na hakuna hati iliyoandikwa na sultani iliyotangaza uhuru wao kwa sauti kubwa kama ilivyotangaza ile kanga iliyovaliwa sokoni mchana kweupe. Miaka 60 baadaye, Bibi Titi Mohamed alipokuwa akiwakusanya wanawake wa Dar es Salaam katika TANU, ni mabibi hao wa kanga walioijaza mikutano. Mwanamke wa pwani, basi, alivaa vazi jipya ili kuipata haki. Mwanamke wa Hanang alikuwa na vazi la kale ambalo haki ilikuwamo tayari. Tofauti hiyo ndiyo iliyomletea taabu.

Maana uhuru ulipokuja mwaka 1961, viongozi wetu, ambao walikuwa watu wa nia safi na mapenzi makubwa kwa nchi, waliona aibu juu ya ngozi. Sitamani kuwahukumu kwa mizani ya leo. Walikuwa wamerithi nchi ambayo wazungu walikuwa wakiipiga picha kama mbuga ya wanyama, na walichukia kuona mwananchi huru akisimamishwa kando ya barabara ili mtalii ampige picha na kumtupia sarafu. Lakini badala ya kumkemea mwenye kamera, walimkemea aliyevaa ngozi. Mwanzoni mwa mwaka 1968, Mkoa wa Arusha, ambao kwa wakati huo ulijumuisha Mbulu na Hanang yote, ulianzisha kampeni ya mavazi iliyoelekezwa hasa kwa Wamasai: ngozi ziachwe, rubega iachwe, mafuta na udongo mwekundu viachwe, watu wavae suruali na magauni. Ilielezwa kwamba asiyetii asikubaliwe kupanda basi wala kuingia mjini. Mjadala ulichemka katika magazeti, ukavuka mpaka hadi Kenya kwa ndugu wa Wamasai wa huko, na swali lililoulizwa ni lile lile: je, mtu anaweza kuwa raia kamili wa taifa huru akiwa amevaa kama baba yake?

Mwezi wa Oktoba wa mwaka huo huo, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ambayo kuanzia Januari 1, 1969 ilipiga vita sketi fupi, nywele za bandia, suruali za kubana na dawa za kujichubua ngozi. Kariakoo palitokea fujo, na wasichana walishushwa katika mabasi na kuchaniwa nguo. Na nimwombe msomaji asimame hapa pamoja nami kidogo, atazame: katika mwaka mmoja, katika nchi moja, msichana wa Dar es Salaam aliambiwa kwamba sketi yake ni ya kigeni mno, na watu wa Mkoa wa Arusha wakaambiwa kwamba vazi lao ni la kienyeji mno. Mmoja alilaumiwa kwa kuiga, mwingine kwa kutoiga. Na katika pande zote mbili, waliotoa amri walikuwa wanaume, na mwili uliopimwa kwa rula barabarani ulikuwa, mara nyingi mno, mwili wa mwanamke.

Bibi wa Balangdalalu ananiambia kwamba watu wa kwao walijifunza kuwa na mavazi mawili. Lipo la njiani, la hospitali, la ofisini na la dukani, nalo ni kitenge au gauni; na lipo la nyumbani, la arusi, la mazishi na la baraza, nalo ni la ngozi. Alilisema hilo bila ya uchungu, kama mtu aelezaye desturi ya mvua. Lakini mimi niliposikia nilifikiri juu ya maana ya mtu kulazimika kuiacha hadhi yake nyumbani kila aendapo kuomba haki yake.

Na haki ilikuwa karibu kuombwa. Kuanzia miisho ya miaka ya 1960, serikali yetu, kwa msaada wa Canada, iliamua kuzigeuza nyanda za Basotu, humo humo Hanang, kuwa ghala la ngano la taifa. Shirika la NAFCO likafungua mashamba saba, na ukubwa wake ukafika ekari 100,000. Matrekta na mashine za kuvunia zilikuja kwa meli, wataalamu wakaja kwa ndege, na ngano ikaota kweli. Hakuna awezaye kukanusha kwamba ilivunwa na ikaliwa mijini. Bali nyanda zile hazikuwa tupu. Zilikuwa ndizo nyasi tamu, zile ambazo Wabarabaig huziita muhajega, ambazo kundi huziendea kwa msimu na kuziacha zipumzike, na mtu asiyejua huziona zimepumzika akadhani zimetelekezwa. Humo pia mlikuwamo makaburi ya bung'eed, vichuguu vikubwa ambavyo Wabarabaig huwajengea wazee wao wenye daraja, wanaume na wanawake, kwa ibada inayochukua miezi kama tisa, maiti akiwa amefunikwa kwa ngozi ya fahali. Plau ikapita juu yake. Katika nchi ambayo mtu huingia ndoani ndani ya ngozi na huingia kaburini ndani ya ngozi, chuma kilikata vyote viwili.

Hapo ndipo lilipozuka shauri. Mwaka 1981, Halmashauri ya Kijiji cha Mulbadaw na wananchi 67 waliishtaki NAFCO katika Mahakama Kuu, Arusha, wakidai kwamba shirika limeingia katika ardhi yao bila ya haki, limeharibu mazao yao na makazi yao. Hawakuwa watu waliozoea kupanda ngazi za mahakama. Wengi wao hawakukijua Kiingereza, ambacho ndicho kilichokuwa lugha ya hukumu, na Kiswahili chenyewe kilikuwa kwao lugha ya pili. Hata hivyo Mahakama Kuu iliwasikiliza, ikawapa ushindi na fidia, na kwa muda mfupi ilionekana kwamba mfugaji wa Hanang naye ni mtu mbele ya sheria. NAFCO ikakata rufani.

Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu ile. Sababu zake, kwa mtu asiye mwanasheria kama mimi, zilikuwa mbili zilizo kubwa. Ya kwanza, kwamba kijiji kuandikishwa ndani ya mipaka fulani hakufanyi ardhi yote iliyomo kuwa mali ya halmashauri ya kijiji hicho. Ya pili, na hii ndiyo iliyonikosesha usingizi nilipoisoma, kwamba wadai hawakuthibitisha mahakamani kuwa wao ni wenyeji kwa maana ya Sheria ya Ardhi, sheria ambayo Waingereza waliitunga mwaka 1923 na ambayo taifa huru liliendelea kuitumia. Iliwapasa waseme, na washuhudie mmoja mmoja, kwamba wao ni watu wa asili ya Afrika wenye kuishi katika ardhi hiyo kwa mila. Na kwa kuwa baadhi ya waliokuwa wakilima humo walikuwa na asili ya Kisomali, na kwa kuwa si wote waliotoa ushahidi, jambo hilo likahesabiwa kuwa halikuthibitika.

Sina elimu ya kubishana na majaji, na wenye elimu hiyo wamekwisha kubishana katika vitabu. Ninaloweza kusema ni la mtu wa kawaida. Watu walioitwa Mang'ati kwa miaka mingi, waliotozwa faini kwa kuwa ni Mang'ati, ambao mkoa wao uliambiwa uvue ngozi kwa kuwa ni ya kienyeji kupita kiasi, walipofika mbele ya sheria kuomba malisho yao waliambiwa kwamba uenyeji wao haujathibitika. Kwa miaka yote ile walikuwa wenyeji mno wasifae kupanda basi. Siku moja ile tu, siku ya kuihitaji, hawakuwa wenyeji wa kutosha.

Kilichofuata kilikwenda haraka. Katiba ilikuwa imekwisha kuingiziwa haki za binadamu mwaka 1984, lakini haki hizo hazikuweza kudaiwa mahakamani hadi mwaka 1988. Na katikati ya miaka hiyo, mwaka 1987, serikali ilitoa amri ya kufuta haki za kimila juu ya ardhi katika vijiji vya Mkoa wa Arusha, Hanang ikiwamo. Mashauri mengine yalifunguliwa, wanasheria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakajitolea kuwasaidia wananchi, mtafiti Charles Lane wa Uingereza akaandika juu ya malisho yaliyopotea, na mwaka 1993 iliundwa tume chini ya Jaji Robert Kisanga kuchunguza uvunjaji wa haki za binadamu katika mashamba yale. Canada ikajitoa. Mashamba yakaja kubinafsishwa, na mengine yakarudishwa kwa wananchi. Mwaka 2002 ukazaliwa Mkoa wa Manyara, na Hanang ikawa ndani yake.

Nilipokuwa nikiyatafakari hayo nilikumbuka habari ya mtu mwingine aliyesimama mahakamani. Mwanzoni mwa mwaka 1962, Nelson Mandela alipitia Tanganyika akaonana na Mwalimu Nyerere; mwezi wa Agosti akakamatwa kwao, na mwezi wa Oktoba alipofikishwa mahakamani Pretoria hakuvaa suti yake ya wakili, ijapokuwa alikuwa nayo na alijua kuivaa vizuri. Alivaa vazi la Kixhosa la ngozi ya chui, na Bi. Winnie akakaa miongoni mwa wasikilizaji akiwa katika mavazi ya shanga ya kwao. Mandela mwenyewe alieleza baadaye kwamba alilichagua vazi lile ili aonyeshe kuwa yeye ni Mwafrika mweusi aingiaye katika mahakama ya mzungu. Serikali ya makaburu ililiogopa vazi lile, ikamkataza Bi. Winnie kuja tena na mavazi ya namna hiyo. Vivyo hivyo vijana weusi wa Marekani, katika miaka ya mapambano ya 1960, waliokwenda Mississippi kuwaandikisha watu kupiga kura, waliacha tai zao wakavaa ovaroli za wakulima, ili aliyedharauliwa kwa nguo yake aione nguo hiyo mwilini mwa aliyekuja kumtetea. Dunia nzima imekubali kuwaheshimu watu hao na kuzihifadhi nguo zao katika makumbusho. Nasi tumekubali pamoja nayo. Watoto wetu huzisoma habari hizo shuleni.

Basi iweje hanang'weend? Leo iko mahali pawili. Iko kwa wanawake wa vijiji vya Hanang na Mbulu ambao bado huitoa sandukuni kwa arusi, kwa bung'eed, kwa mikutano yao, na baadhi yao, mwaka hata mwaka kwa wingi zaidi, kwa Siku ya Wanawake ya Machi 8, wakaingia nayo uwanjani mbele ya wakuu bila ya kuomba ruhusa ya mtu. Na mwenye kuwaona siku hiyo huona kwamba wanawake hao wanajua wanachovaa na kwa nini. Tena iko njiani kuelekea ng'ambo, ikinunuliwa na wafanyabiashara wa vitu vya kale kwa bei ya kutupa, hasa miaka ya ukame, ambapo mwanamke mwenye njaa huuza alichorithi. Zipo sketi za Hanang katika makabati ya Ulaya zenye kibandiko kinachotaja kabila na malighafi, ilhali jina la mshonaji na shauri ambalo mvaaji alipata kulihudhuria havimo. Hapa kwetu, kila baada ya miaka michache huzuka mjadala wa vazi la taifa, kamati huundwa, michoro hutolewa, na sikumbuki hata mara moja kuzisikia kamati hizo zikiwauliza wanawake wa Katesh.

Wengine watasema kwamba ngozi ni ya zamani, kwamba mabinti wa sasa wanasoma na hawana nafasi ya kulainisha ngozi kwa samli miezi na miezi. Ni kweli, na ninafurahi kwamba wanasoma. Lakini jaji anayevaa joho na nywele za bandia za Waingereza wa kale hajaambiwa na mtu kwamba amepitwa na dunia, kwa sababu sote tunajua kwamba nguo ile ni sheria iliyoshonwa. Ninaomba hanang'weend nayo itazamwe hivyo.

Na ombi langu kwa Halmashauri ya Wilaya ya Hanang ni dogo, halihitaji fedha za kigeni. Kitengwe chumba kimoja Katesh, mji ambao Desemba 2023 ulizikwa na tope la mlima na ukajikung'uta ukasimama tena. Humo iwekwe hanang'weend moja, ikiwa imenunuliwa kwa bei ya haki kutoka kwa aliyeishona, na jina lake liandikwe kwa herufi kubwa. Kando yake iwekwe nakala ya hukumu ya 1985, iliyofasiriwa kwa Kiswahili ili kila mtu aisome. Na kando yake maelezo ya baraza la wanawake, yatakayoandikwa na wanawake wenyewe. Na kwa wakuu wa ofisi za Mbulu na Hanang nina neno moja zaidi: mama akija mlangoni kwenu na vazi lake la ngozi kuleta shauri lake, mkaribisheni aketi.

Bibi wa Balangdalalu alilikunja vazi lake, akalirudisha ndani ya kanga ile iliyochujuka, akanisindikiza hadi njiani. Alinieleza kwamba atalivaa tena mwezi wa Desemba, siku ya kuolewa mjukuu wake, na kwamba ngozi ya la mjukuu imekwisha kuanza kulainishwa.